Nguvu ya musuguano na mufuko wa tano



Wenzetu wanaotengeneza gazeti hili waliniomba mimi, kapita wa wanafunzi, niandike kitu juu ya fizika. Walisema wadogo wetu wa madarasa ya chini wanafikiri fizika ni hesabu za ku ubao tu, haina kazi ku nyumba. Nimechagua musuguano, ule ambao mu darasa tunauita «frottement». Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, swali lake linarudi kila mara mu mitihani, na wengi wanaanguka pale pale. Ya pili, musuguano unalipa minervali yangu, na pia ungeweza kumuvunja miguu mutu ninayemupenda. Hiyo ya pili nitaieleza mbele kidogo. Kwanza tujue kitu chenyewe.

Neno moja mbele ya kuanza. Fizika inapima nguvu kwa nyutoni. Mimi hapa nitasema «nguvu ya kilo», maana yake nguvu inayotosha kuinua kilo ile toka chini. Nguvu ya kilo moja ni karibu nyutoni 9.8. Nimefanya vile kusudi hata yule wa mwaka wa kwanza afuate pamoja nasi.

MUSUGUANO NI KITU GANI?

Kamata benchi la darasa. Ulisukume kidogo: haliondoki. Ongeza nguvu: bado. Mu wakati ule sakafu inakujibu. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo mbili, sakafu inalishika benchi kwa nguvu ya kilo mbili. Ukisukuma kwa tano, inalishika kwa tano. Haitoi zaidi ya ile unayoiomba, na haitoi chini. Lakini kuko mupaka. Ukiupita mupaka, benchi linaondoka gafula, na kisha kuondoka linakwenda kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kuliondosha.

Kwa hiyo kuko musuguano wa namna mbili: musuguano wa kitu kilichosimama, na musuguano wa kitu kinachoteleza. Ule wa kwanza, kwa kawaida, mupaka wake unapita wa pili. Kila mutu aliyehamisha kabati nzito analijua jambo hilo ku mabega yake: mwanzo ndio kazi, na ukisimama katikati kupumuzika, unaanza taabu upya.

Watu wengi wanasema musuguano ni adui, kwa maana unakula viatu, unakula vyuma, unapasha mashini moto. Ni kweli unakula. Lakini bila musuguano hakuna mutu anayetembea. Ukipiga hatua, muguu wako unasukuma ardhi kwa nyuma, na ardhi inakusukuma mbele. Kama hakuna kushikana, muguu unakimbia peke yake na weye unalala chini. Bila musuguano musumari hauwezi kukaa mu mbao, fundo la kamba linafunguka, na chaki haiachi alama ku ubao. Na mu mwezi wa sita, wakati baridi ya Lubumbashi inatuuma asubuhi ku mustari, sisi wote tunasugua mikono. Ule moto mudogo unaousikia mu viganja ni kazi ya mikono yako, na musuguano ndio uliyoigeuza kuwa joto. Hauruhusu kazi ipotee bure.

SWALI LA MUTIHANI

Sasa swali lenyewe. Tofali moja, ukililaza kwa ubavu wake mupana ao ukilisimamisha kwa ubavu wake mwembamba, ni wapi linashika zaidi? Wengi wanajibu: ku ubavu mupana, kwa maana linagusa pahali pakubwa. Jibu lile linaonekana la akili. Lakini si kweli.

Usiniamini mimi, pima weye mwenyewe. Tafuta ubao mulefu kidogo, ulionyooka, uweke chini. Weka tofali juu yake. Inua ncha moja ya ubao polepole mpaka tofali lianze kuteleza, kisha simama pale pale na upime vitu viwili: kimo cha ncha ile toka chini, na urefu wa chini, toka pahali ubao unapogusa ardhi mpaka chini kabisa ya ncha uliyoiinua. Gawanya kimo kwa urefu wa chini. Mimi nilipopima nilipata kimo sentimita 48 na urefu wa chini sentimita 80. Ukigawanya unapata 0.6. Ile 0.6 ndiyo walimu wanaita koefisienti ya musuguano wa tofali na ubao ule. Inasema: kama tofali lina kilo 3, basi ku ubao uliolala sawa utahitaji nguvu ya kilo 3 mara 0.6, ni kusema karibu kilo 1.8, kusudi liondoke.

Kisha nikaligeuza tofali ku ubavu mwembamba. Likateleza karibu ku kimo kile kile. Nikaweka tofali la pili juu ya la kwanza. Kimo kile kile. Uzito umekuwa mara mbili, na kushikana kumekuwa mara mbili, vyote vimepanda pamoja. Upana haukubadilisha kitu.

Jambo hili liliwashangaza watu wakubwa mbele yetu. Leonardo da Vinci, Muitalia aliyekufa mwaka 1519, aliliandika mu daftari zake, lakini hakulitoa. Mufaransa Guillaume Amontons alilitangaza ku Paris mu 1699. Mufaransa mwingine, Charles-Augustin Coulomb, yule yule wa sheria ya umeme tunayoisoma, alipima mengi na kuyachapisha mu 1785. Walikuta mambo mawili makubwa: musuguano unafuata uzito unaokandamiza, na haufuati ukubwa wa pahali panapoonekana panagusana.

Kwa nini? Jibu zuri lilikuja mu karne ya 20, mu kazi ya Bowden na Tabor ku Cambridge, Uingereza. Kitu chochote, hata kile tunachosema ni laini, ukikitazama karibu sana kina milima na mabonde. Ukiweka kitu juu ya kingine, ni ncha za milima tu zinazogusana. Pahali pa kweli panapogusana ni padogo sana kuliko tunavyoona. Ukiongeza uzito, zile ncha zinakandamizwa, zinapanuka, na zingine mpya zinaanza kugusa. Tofali likilala kwa upana, ncha zinazogusa ni nyingi lakini kila moja imekandamizwa kidogo. Likisimama kwa wembamba, ncha ni chache lakini kila moja imekandamizwa sana. Hesabu ya mwisho ni moja.

Sheria hii si ya kila kitu. Mupira wa gurudumu ni laini, unafinyika na kuingia mu vishimo vya barabara, hivi haufuati sheria ile kabisa. Lakini kwa tofali, mbao, chuma na mawe, sheria inasimama vizuri.

MASWALI MATATU

Toka pale mimi nimejifunza kuuliza maswali matatu kila pahali ninapoona kitu kinashika ao kinateleza. La kwanza: ni uzito gani unaokandamiza? La pili: unakandamiza wapi? La tatu: ni nini kinachogusana na nini, na katikati kuko nini?

Tuanze na la tatu, kwa maana liko karibu nasi. Kila asubuhi zamu ya usafi inapiga sakafu mayi na sabuni. Ile simenti imesuguliwa na viatu miaka mingi mpaka inang'aa. Mutu ni yule yule, uzito ule ule, kiatu kile kile. Lakini kuko mayi na sabuni katikati, na milima ya kiatu haifiki tena vizuri ku milima ya simenti. Inaogelea. Ndiyo maana ninawaomba wa zamu wakaushe kwa kitambaa mbele ya kengele, na ninawakataza wadogo kukimbia pale. Si ukali wa kapita. Ni koefisienti.

Lakini musiseme kila mayi yanatelezesha kila kitu. Ku Misri, mu kaburi la mukubwa mumoja aliyeitwa Djehutihotep, kuko picha ya ukutani ya karibu miaka 1900 mbele ya Kristo. Watu wengi wanavuta sanamu kubwa sana iliyowekwa juu ya kigari kisicho na magurudumu, na mutu mumoja anasimama mbele ya kigari anamwaga mayi mu muchanga. Mu 2014 wanafizika wa chuo kikuu cha Amsterdam walijaribu jambo lile. Walikuta kwamba muchanga mukavu unajikusanya mbele ya kigari na kukizuia. Muchanga wenye mayi kidogo unakuwa mugumu, na nguvu ya kuvuta inapunguka karibu nusu. Mayi yakizidi, taabu inarudi. Kwa hiyo ni lazima kuuliza: mayi kiasi gani, na juu ya kitu gani?

Ku soko letu pia musuguano uko. Mama anapopima mahindi kwa meka, anaacha kilima juu yake, na sisi tunaangalia kile kilima kwa macho makali. Kimo cha kilima kile si roho nzuri ya mama peke yake. Ni punje zinazoshikana. Zikiwa za mviringo na laini, zinateleza na kilima kinakuwa chini. Zikiwa na kona na ngozi mbaya, kilima kinapanda. Lundo lolote, la muchanga ao la mawe ya mugodi, lina mutelemuko wake ambao haliwezi kuupita. Ukiongeza juu, linamwaga pembeni.

Na treni? Reli ilifika hapa, ku Élisabethville ya zamani, mu 1910, toka upande wa Rhodesia. Chuma juu ya chuma kinabingirika kwa urahisi sana, na ndiyo sababu lokomotive moja inaweza kuvuta mabehewa mengi ya madini. Lakini urahisi ule una bei yake: gurudumu la chuma linashika reli kidogo, na likilowana ao likipata mafuta linashika kidogo zaidi. Wajenzi walijibu kwa njia mbili. Walitengeneza lokomotive nzito sana, kusudi uzito ukandamize magurudumu yale yanayovuta. Na waliweka juu yake masanduku ya muchanga mukavu, unaomwagwa mbele ya gurudumu ku reli wakati linaanza kuteleza. Mutu asiyejua angesema lokomotive ikiwa nyepesi ingevuta vizuri. Hapana. Uzito wake ndio mikono yake. Lakini angalia: uzito wa mabehewa haumusaidii kuvuta. Ule unakandamiza magurudumu mengine. Hapo tumefika ku swali la pili, na ku nyumba kwetu.

MUFUKO WA TANO

Baba yangu mudogo anauzisha makala. Anayaleta kwa kinga toka mu pori, mbali ya muji. Ninyi wote munawaona watu wale asubuhi ku barabara: kinga imefunikwa na mifuko mpaka hauoni tena tandiko, na mutu anasukuma kwa nyuma ao kwa ubavu, shingo imetoka mishipa. Moto unaopika bukari mu mbabula za Lubumbashi, kila mara umeme unapokatika, unapita ku mikono ile. Na minervali yangu pia inatoka pale, tangu baba alipoacha kazi juu ya ugonjwa.

Kawaida yake ni mifuko minne. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mvula ilikuwa imeanza, alisema ataongeza mufuko wa tano. Ku njia yake kuko mutelemuko mumoja wa udongo mwekundu, unaoshuka ku kijito. Mvula ikinyesha, udongo ule unakuwa kama sabuni. Pale ndipo mwenzake mumoja aliangukiwa na kinga yake mwenyewe na kuvunjika muguu. Nikamwambia:

– Baba mudogo, ule mufuko wa tano utakusukuma ku mutelemuko.

Akanijibu bila kukasirika:

– Mutoto, ule mufuko wa tano njo minervali yako. Mine njo chakula, njo nyumba, njo dawa ya baba yako. Ile ya masomo tutaitosha wapi?

Sikuwa na jibu. Mutu anayeleta chakula ku nyumba, haumukatazi kazi kwa sababu tu umesoma. Usiku nikakamata daftari, nikaandika hesabu hii. Ninaiweka hapa nzima, kusudi na ninyi muifuate.

Kinga ina kilo karibu 20. Kila mufuko una kilo karibu 35. Mifuko mine na kinga: kilo 160. Mifuko mitano na kinga: kilo 195. Mutelemuko ule, tukamate kwamba unashuka metre 1 kila metre 20. Basi kila kitu kilicho juu yake kinavutwa chini kwa nguvu ya sehemu moja ya ishirini ya uzito wake. Kinga ya mifuko mine inavuta kwa nguvu ya kilo 8. Ya mifuko mitano inavuta kwa nguvu ya kilo 9.75. Na baba mudogo mwenyewe, mwenye kilo 60, anavutwa kwa kilo 3. Wakati wa kushuka, yeye anatembea ku ubavu, anavuta kinga kwa nyuma, na visigino vyake ndivyo vinavyozuia. Freni tuziache kwanza: ni vipande viwili vya mupira vinavyofinya chuma cha gurudumu, na chuma kikilowana na matope vinashika kidogo sana.

Sasa visigino vinashika namna gani? Kushikana kwake kunafuata uzito unaokandamiza viatu vyake, ni kusema kilo zake 60 tu. Wakati wa vumbi, koefisienti tukamate 0.6: mara 60, anapata nguvu ya kilo 36. Inatosha, na inabaki. Wakati wa mvula, ku matope yale, tukamate 0.2: mara 60, anapata nguvu ya kilo 12.

Angalieni sasa. Na mifuko mine: 8 na 3, ni 11. Visigino vina 12. Anashuka, kwa shida, lakini anashuka. Na mifuko mitano: 9.75 na 3, ni 12.75. Visigino vina 12. Mupaka umepitwa. Na tulisema mwanzo: mupaka ukipitwa, kitu kinaondoka gafula, na kisha kuondoka kinashika chini kuliko mwanzo. Pale hakuna tena kurudisha. Kinga inakwenda, na mutu anakwenda nayo.

Namba zile 0.6 na 0.2 ni za kukisia, kila matope yana yake. Lakini njia ya hesabu ni ya kweli. Mufuko wa tano unaongeza kuvuta, na hauongezi hata kidogo kushika, kwa maana haukandamizi pahali panaposhika.

Asubuhi nikamusomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pahali pa visigino. Kisha akasema:

– Kumbe muzigo unakandamiza magurudumu, na mimi ninasimamisha na miguu yangu. Makala haiingie mu viatu yangu.

Hakuna mutu mu darasa letu aliyeusema musuguano vizuri kuliko vile. Akaongeza:

– Basi inaomba miguu ingine. Itatoka wapi?

Ile miguu mingine ilikuwa yangu. Mimi nina kilo 55. Ku matope yale miguu yangu inaleta nguvu ya kilo 11 ya kushika, na mutelemuko unanivuta kwa 2.75. Tukiwa wawili, tunashika kwa 23, na vitu vyote vinavuta kwa 15.5. Tumerudi ndani ya mupaka, na nafasi inabaki. Toka siku ile, mu miezi ya mvula, mifuko mitano inakuja paka Jumamosi, siku ninayokwenda naye. Yeye anashika usukani, mimi ninashika kamba iliyofungwa nyuma. Siku zingine, mine. Tena tunatembea ku pembe ya njia pahali kuko changarawe, hatufuati katikati palipong'aa. Na ku kila soli ya viatu vyake alipiga kipande cha gurudumu la zamani lenye meno. Uzito, pahali, na vitu vinavyogusana: yale maswali matatu, kila moja limepata jibu lake.

Minervali imelipwa, hata ile ya mwisho. Lakini Jumamosi zile nilizitoa ku masomo ya kujitayarisha na Egzameni ya Serikali, na sitasema kwamba hazikunigusa. Kuko rafiki zangu waliosoma siku zile, na mu kemia wamenipita. Musuguano haukubali kitu bure, na nyumba pia.

JUU YA MOTO NA BARABARA

Kuko jambo lingine ninalotaka kuliacha kwenu, kwa maana linawagusa wengi kila siku. Mwisho wa masomo munapanda taxi-moto, mara wawili, mara watatu nyuma ya dereva mumoja, na munamwambia afanye haraka.

Lami yenye kukauka na gurudumu zima, koefisienti ni karibu 0.7. Lami yenye kulowana na gurudumu lililokwisha meno, tukamate nusu, 0.35. Moto ikienda kilometre 40 kwa saa, na freni zikishika vizuri kabisa, inahitaji metre karibu 9 ya kusimama ku lami kavu. Ku ile yenye kulowana, metre karibu 18. Tena ongeza metre 11, kwa maana ku mwendo ule kila sekunde dereva anapochelewa kufinya freni moto inakwenda metre 11. Na kama mwendo unakuwa mara mbili, kilometre 80, njia ya freni haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne: metre 36 ku kavu, metre 72 ku mayi. Ni karibu kiwanja chetu cha mupira kizima.

Mvula za kwanza ndizo za kuogopa zaidi. Miezi mingi vumbi na mafuta ya motoka vimelala ku lami. Mvula kidogo inavichanganya kuwa uji mwembamba. Na dereva akifinya freni kwa nguvu mpaka gurudumu lisimame kuzunguka, gurudumu linaanza kuteleza, na tumeona kwamba kitu kinachoteleza kinashika chini kuliko kile ambacho hakijateleza. Tena usukani haumutii tena.

Mutu atauliza: mbona ulisema uzito unaongeza kushika? Basi tukipanda watatu, moto itashika zaidi! Ni kweli, magurudumu yanakandamizwa zaidi. Lakini na kile cha kusimamishwa kimekuwa kizito kwa kadiri ile ile. Hakuna faida uliyopata. Na freni za moto, sawa freni za kinga, hazijui kwamba mumepanda watatu. Nguvu ya mukono wa dereva ni ile ile. Uzito wenu unakandamiza magurudumu, haukandamizi freni. Ni hadisi ya makala na viatu, mara ya pili.

Kwa hiyo, ninyi wadogo, ninawaomba vitu vitatu vya kutenda. Mbele ya kupanda, angalia gurudumu: kama halina meno, ngojea moto nyingine. Mvula ikinyesha, mumuombe dereva apunguze mwendo, hata akicheka. Na musipande watatu. Kuchelewa kengele, mimi kapita nitakuandika mu daftari, na itaisha pale.

Na ninyi wenzangu wa mwaka wa mwisho, ku mutihani swali la tofali likija, musikimbilie upana. Uliza: ni nini kinakandamiza, wapi, na juu ya nini? Walio na mashaka na hesabu za andiko hili wanikute mu darasa letu kisha masomo ya saa sita. Ubao na tofali viko pale, nyuma ya mulango, kila mutu anaweza kupima.



Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho